Kete ya baba, kete ya mama

Jana tuliweka meza yetu ya kueleza selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, Katuba, hapa Lubumbashi: vikapu viwili vya kete, kila kimoja nusu A (jeni ya kawaida) nusu S (jeni ya selimundu), na tableti inayozisoma kwa kamera. Unachota kete ya baba na ya mama. Skrini inachora chembe nyekundu ya damu, ya mviringo au iliyopinda kama mundu. Wazazi wote wawili wakiwa AS, yaani kila mmoja ana A moja na S moja, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS, yaani mtoto mwenye ugonjwa.

Papa mmoja alishikilia kwamba ugonjwa umetoka kwa kina mke wake. Akachota kwenye kikapu cha baba. Akaigeuzageuza ile kete. "Sasa hii S ni yangu?"

Ndiyo, papa. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

(Tableti ilizima mapema, umeme tena. Kete zikaendelea, nazipenda zaidi hizo.)