RIZIKI YA WATOTO: kumbukumbu ya herufi 14 kwenye omo ya mashua

Februari 8

Mjomba kanunua mashua kuukuu huko Mikindani na sasa anataka iandikwe jina. Kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa steshenari mjini Mtwara kuwatengenezea watu kadi za harusi na barua za kuomba kazi, ukoo mzima umeshakubaliana kwamba mimi ni fundi wa herufi. Nikamwambia, "Mjomba, mimi naandika kwa kompyuta. Brashi siijui."

"Kwani kompyuta ilifundishwa na nani, mjomba?"

Sikuwa na jibu. Jina wamelichagua yeye na mkewe na halina mjadala: RIZIKI YA WATOTO. Liandikwe omo, yaani sehemu ya mbele, kulia na kushoto.

Naanza daftari hili ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba kazi ilikuwa rahisi.

Februari 9

Vipimo. Ubao wa juu unanipa sentimita 180 kabla haujaanza kupinda sana kuelekea mbele. Herufi 14, mapengo mawili. Nikizisimamisha kwa sentimita 12 zinaenea, kwa kubanana kidogo. Mashua iko juu ya magogo, mafundi wanapiga kalafati, yaani wanaziba mianya ya mbao. Muda upo.

Februari 12

Baada ya kufunga duka nilichapa kila herufi kwenye karatasi yake, kwa fonti ya Arial nene, nikazibandika ukutani kwa selotepu. Kati ya herufi na herufi sentimita 2, nimepima kwa rula, sikukisia hata moja. Dada wa duka la jirani akapita, akasoma: "Riziki..." Akanyamaza. Akainamisha kichwa. "Na hizo nyingine ni nini, za kupimia macho?"

Alikuwa na haki. RIZIKI ilikuwa imeshikana kama ukuta wa miti, lakini kuanzia Y kila herufi ilisimama peke yake. Y, A, W, A, T. Rula inasema mapengo yote ni sawa, jicho linakataa katakata.

Nilikaa nayo hadi saa tatu usiku ndipo nikaona. I na Z na K zina kingo zinazofika pembeni, kwa hiyo sentimita 2 ni sentimita 2 kweli. Y imetanuka juu na kusinyaa chini, A imesinyaa juu na kutanuka chini. Ukiziweka jirani unabaki mfereji mweupe unaoshuka kwa mshazari katikati yao, mpana kuliko ulichopima. W na A vilevile. A na T vilevile.

Na hapo ndipo nilipocheka peke yangu dukani: mara nyingi Kiswahili hakiwezi kusema kitu ni cha nani bila kupita kwenye mfereji huo. YA, WA, VYA, KWA, LA. Toka nje uhesabu vibao: WAKALA, VYAKULA, DAWA, TAWI, MAZIWA YA WATOTO. Kiingereza nacho kina jozi hizi, ila hazijazagaa namna hii. Waliounda fonti nyingi tunazotumia hawakuwa wakitufikiria sisi. Times New Roman, kwa mfano, ilitoka mwaka 1932 kwa ajili ya gazeti la The Times la London. Fonti nzuri huwa na orodha ndani yake ya jozi za kusogezwa, lakini programu isipoambiwa iitumie, orodha inakaa tu. Ya dukani kwetu haikuwa imeambiwa. Miaka minne nimekuwa nikiwauzia watu mifereji.

Februari 16

Jumapili nimezunguka na simu kupiga picha herufi. Picha 63. Nyingi ni fleksi, yale mabango ya plastiki ya kuchapwa kwa mashine, na fleksi nyingi ni zilezile: herufi nyekundu zenye ukingo wa njano wenye ukingo mweusi, kana kwamba neno linaogopa baridi. Lakini zipo zilizonisimamisha.

Magunia ya korosho, kwanza. Alama za stensili, bati lililokatwa herufi za kupitishia rangi. O imekatwa vipande viwili kama mabano yanayotazamana, A ina daraja linaloshikilia ule utupu wa katikati usidondoke. Aliyekata bati lile hakuwa akitafuta urembo, alikuwa akizuia pembetatu isianguke. Bado ni nzuri kuliko nusu ya kadi nilizowahi kubuni.

Pili, kanga za mama mkubwa, alizoniruhusu kuzitandaza kitandani kwa masharti ya kuzikunja mwenyewe. Nilikuwa nikisoma majina ya kanga tangu utotoni bila kuyatazama. Herufi kubwa, nene, zimeegemeana ndani ya kisanduku chake chini ya mji wa kanga, na zinasomeka mtu akiwa anatembea, nguo ikiwa imejikunja. Hiyo ni kazi ngumu kwa herufi yoyote. Mama mkubwa akasema bibi yake alikuwa na kanga yenye jina kwa herufi za Kiarabu, kama zilivyokuwa za zamani kabla ya hizi za Kirumi kushika pwani. Iko wapi? Walimzikia nayo.

Februari 23

Nimeelekezwa kwa mzee mmoja wa huko Chikongola, hapa Mtwara, aliyekuwa akiandika vibao vya maduka na milango ya malori kabla fleksi hazijaja. Mkono wake wa kulia sasa unatetemeka. Nikamwamkia, nikamwonyesha picha ya ule ukuta wangu wa karatasi.

"Nani alikwambia upime?" akauliza.

"Nilitaka mapengo yawe sawa, babu."

"Sawa kwa rula au sawa kwa kibaba?"

Akanichorea kwa mkaa sakafuni. Kila pengo ni chombo, akasema. Jaalia unamimina mchele kati ya herufi hii na ile, kuanzia juu hadi chini. Kila pengo liingie kibaba kimoja, lisipungue, lisizidi. Miti miwili iliyosimama kama I na K utaiachanisha vizuri ndipo kibaba kienee. Mti na duara, sogeza. Duara na duara, sogeza zaidi. Ikifika W na A, mguu wa A upenye chini ya mkono wa W, vinginevyo utamimina gunia.

Nikamuuliza kama upo utaratibu wa kuhesabu kibaba hicho kwa sentimita. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa chumvi ni gramu ngapi.

Akanipa pia siri ya O. Ukiichora O kimo kilekile cha T itaonekana fupi, kwa sababu mgongo wake unagusa mstari mahali padogo tu. Iache ipite juu kidogo na chini kidogo. Nilipofika dukani nikakuza Arial kwenye skrini hadi herufi moja ijaze kioo: kweli, O inatoka nje ya mstari. Siku zote imekuwa ikitoka.

Machi 1

Mvua. Hakuna kilichofanyika Mikindani.

Machi 5

Nimempeleka mpwa wangu madrasa na nikabaki. Maalim alikuwa akiandika kombe, aya za kuoshwa zinywewe kama dawa, kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, kwa kalamu ya tete aliyoichonga mwenyewe. Ncha imekatwa bapa, kwa mshazari. Nilikunywa kombe nikiwa mtoto, nikaikumbuka ladha yake, lakini sikuwahi kuutazama mwandiko kabla haujaoshwa.

Nilimweleza habari ya kibaba. Akatabasamu, akachukua karatasi, akaikandamiza kalamu mara moja bila kuiburuta kwa urefu: ikatoka nukta yenye pembe nne, imesimama kwa ncha yake kama kishada. "Hii ndiyo rula yetu," akasema. Akaziandika saba, moja juu ya nyingine, na pembeni yake akashusha alif, herufi ya kwanza ya Kiarabu. Zikalingana. Wako wanaoiandika kwa nukta tano, inategemea mtindo wa mwandiko, lakini kipimo hutoka kwenye kalamu ileile inayoandika. Ukibadilisha kalamu, kila kitu kinakua au kupungua pamoja. Utaratibu huo wa nukta unahusishwa na Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ambaye siasa zilimkatisha mkono wa kulia. Maalim alitaja mkono huo kwa sauti ya chini kidogo, kana kwamba ni habari ya jirani.

Nikiwa njiani kurudi nikakumbuka kitu. Edward Johnston, yule aliyechora herufi za treni za chini ya ardhi za London mwaka 1916, aliweka juu ya i ndogo nukta yenye pembe nne, imesimama kwa ncha. Nilikuwa nikiihesabu kuwa mbwembwe. Lakini Johnston alikuwa mwalimu wa kuandika kwa kalamu bapa, na kalamu bapa ukiishika mshazari ukaigusisha karatasini, itakupa umbo hilo, uwe Baghdad au London au kwenye baraza la madrasa hapa Mtwara.

Nusu saa nzima nimejaribu kuchonga tete. Kidole kimefungwa plasta.

Machi 15

Jua limetoka siku tatu mfululizo, nikaona ndiyo siku. Nilienda Mikindani na rangi nyeupe ya mafuta, brashi bapa mbili, thina, kamba ya chaki. Nikaandika upande wa kushoto. Vibaba vyangu si vibaya. Mjomba akasimama nyuma mikono kiunoni, akasema tu, "Inasomeka." Kwake hiyo ni hotuba.

Machi 17

Nimepigiwa simu. Rangi inabanduka. Nimefika, nimeikwangua RIZIKI nzima kwa ukucha, inatoka kama ganda la yai.

Kosa ni langu, lakini lina harufu. Mbao zilikuwa zimepakwa sifa, mafuta ya papa, msimu uliopita na huenda misimu mingi kabla yake. Mafuta yamo ndani ya mti. Nilipiga msasa juujuu nikadhani basi. Fundi wa kalafati alikuwa akiniona nikipaka, na hakusema neno. Nilipomuuliza kwa nini, akasema alidhani ninajua, kwani mimi si nimesoma?

Machi 29

Siku kadhaa za kusugua kwa thina na msasa. Halafu koti mbili za rangi ya bluu kama kitanda cha maandishi, kila moja imekauka kabisa kabla ya nyingine, na mvua ikituchezea katikati. Mikono inanuka papa. Dukani wateja wanasogea nyuma.

Jioni nimechora jina upya kwa ukubwa wake kwenye karatasi ndefu, kisha, kama alivyonielekeza yule babu, nikatoboa mistari yote kwa sindano. Kazi ya saa tatu. Karatasi inabandikwa ubaoni, unapigapiga juu yake kitambaa chenye unga wa mkaa, ukiitoa unakuta vinukta vyeusi vimekuonyesha njia.

Aprili 5

Upande wa kushoto tayari, tena. Nimeugusa kwa ukucha mara nyingi kuliko inavyostahili. Haubanduki.

Upande wa kulia ukanipa somo ambalo hakuna aliyenionya. Ubao unapanda kuelekea omo. Ukisimama nje upande wa kushoto wa mashua ukiitazama, omo iko mkono wako wa kushoto, kwa hiyo jina linaanzia juu na kushuka kwenda tezi, yaani nyuma. Upande wa kulia ni kinyume: RIZIKI iko chini na WATOTO inapanda kwenda mbele. Karatasi ni ileile, lakini upande mmoja W ilionekana imeinamia jirani yake na upande wa pili imelala chali. Nilizisimamisha herufi wima kwa kuangalia upeo wa bahari, si kwa kufuata ukingo wa ubao, na pale pa W na A nikaachana na vinukta vya mkaa, nikafuata jicho. Mguu wa A umeingia chini ya mkono wa W karibu sentimita 3. Kwenye karatasi ungesema zinagombana.

Mjomba anaupenda upande wa kulia. Riziki, anasema, inapaswa kupanda.

Aprili 19

Bamvua, maji makubwa. Mashua imepakwa deheni chini, mafuta yaliyochanganywa na chokaa, na maji yalipojaa watu kama ishirini wakaisukuma. Nilikuwa nimejipanga kuitazama jinsi inavyosomeka ikiwa mbali, ila nilikuwa nasukuma na wengine, maji kifuani, sikuona chochote isipokuwa tumbo la W inchi chache kutoka puani. Kuna tone la rangi pale nililoliacha. Hakuna atakayeliona. Mimi nitaliona kila siku.

Nilipoweza kugeuka ilikuwa tayari iko mbali hatua mia hivi, na mtoto mmoja ufukweni, wa darasa la pili au la tatu, akaisoma yote kwa pumzi moja bila kukwama kwenye Y.

Aprili 20

Nahodha mwingine kaja dukani. Mashua yake anataka iitwe NG'AMBO. Nimemwambia bei ni shilingi 3,000 kwa herufi, kwa hiyo sita mara tatu, na hicho kialama cha juu.

"Hicho nacho unakihesabu? Si kinukta tu?"

Nikamwandikia NGAMBO kwenye karatasi nikampa aisome. Akaisoma. Akaisoma tena, polepole. "Hii siyo," akasema.

Tumeafikiana 1,500 kwa hicho kialama. Kesho naanza kwa kumuuliza kama mbao zake zimepakwa sifa.