Kompyuta iliungua, leseni nikaihamishia mpya

Kwanza niseme nilichoambiwa, maana ndicho kilichonikera hadi nikaandika. Fundi wa tatu kati ya mafundi wanne niliowauliza hapa Morogoro kama leseni yangu ya Windows inaweza kuhamia kompyuta mpya alinitazama kwa huruma kabisa akasema, "Kaka, leseni huwa inazikwa na mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Leta elfu kumi na tano nikupigie window na dawa yake."

Dawa. Jirani yangu wa duka la vifaa vya simu aliipata hiyo dawa mwaka juzi. Fundi alianza kwa kumzimia antivairasi, eti inasumbua. Dawa yenyewe ni programu inayoidanganya Windows kwamba iko kwenye ofisi ya kampuni kubwa yenye seva yake ya leseni, na kibali cha namna hiyo ni cha siku 180, kisipohuishwa maandishi ya kudai leseni yanarudi pale chini kulia mwa skrini. Yalirudi. Na yalirudi na wenzake, matangazo ya kamari yanayofunguka yenyewe mbele ya wateja.

Mimi sikuwa na haja ya dawa. Mwaka 2018 shemeji yangu alininunulia Dubai Windows 10 Pro halali, ya kwenye boksi, na flashi yake na kadi yenye ufunguo wa herufi ishirini na tano. Kama laki nne na nusu hivi kwa hela ya wakati ule, na mke wangu bado anaikumbuka hiyo laki nne na nusu kuliko mimi. Basi mwezi wa tatu mwaka 2025 umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, mazabodi ya kompyuta ya stationery ikatoa harufu, ikaisha. Nikaunda mpya: mazabodi, prosesa, ramu, pawa saplai na kesi vikaja na basi kutoka Kariakoo, milioni moja na kidogo. Kuunga vyenyewe ni kazi ya jioni moja, sina la kuhadithia. Nikapiga Windows 10 Pro upya. Pro, siyo Home, kwa sababu leseni yangu ni ya Pro.

Sasa ufunguo. Mwenye akili angeuandika pembeni au angepiga picha. Mimi ni mtu wa stationery, siku ile ile ya 2018 niliipiga ile kadi laminesheni. Nilijiona nimefanya la maana sana. Mashine ilikuwa na moto kupita kiasi, plastiki ikajikunja katikati, na lile kunjo likakaa sawasawa juu ya herufi ya tatu ya kundi la nne. Herufi ishirini na nne zinasomeka kama mabango ya uchaguzi. Moja ni doa.

Nikamwita mke wangu. Akasema ni S. Kijana wangu wa dukani akasema ni tano. Nikaikagua kwa tochi ya simu, nikaiskani kwa ubora wa juu kabisa, nikaikuza hadi ikawa kubwa kuliko sahani. Doa lilikuwa doa kubwa zaidi. Nikafungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika slmgr /ipk, amri ya kuingiza ufunguo, na ufunguo wenye S. Ukakataliwa: 0xC004F050, maana yake huu siyo ufunguo. Nikaweka tano. Ukakataliwa. Nikarudia S nikidhani nimekosea kuandika, kisha tano tena, kisha S kwa hasira. Nadhani ile siku niliandika zile herufi zaidi ya mara kumi na tano.

Usiku nikiwa nafunga duka macho yakaangukia rundo la laptop mbovu ambazo wateja walizitelekeza. Zile za zamani zina stika ya Windows chini, na ufunguo umechapwa hapo hapo. Nikazigeuza tatu, nikakaa na kalamu kama karani wa hesabu, nikaorodhesha kila herufi iliyotokea. Herufi sabini na tano jumla. Hakuna O hata moja, wala sifuri. Hakuna I, hakuna moja. Hakuna irabu kabisa! Na hakuna S, hakuna tano. Nilicheka peke yangu. Waliotunga hizi funguo waliacha makusudi herufi zinazofanana ili mtu asichanganye, na mimi nimeshinda kutwa nikibishana na mke wangu juu ya herufi mbili ambazo zote hazimo.

Kumbe doa lazima liwe kitu chenye matumbo: nane, sita, B au G. Nane ikakataliwa. B ikaingia. Saa tano usiku, nikampigia mke wangu simu kumwambia ni B. Akaniuliza B ndiyo nani.

Furaha ilidumu kama dakika mbili. Nilipoandika slmgr /ato ili Microsoft wauthibitishe, likaja 0xC004C008: ufunguo huu unatumika kwenye kompyuta nyingine. Kwa hesabu zao ile iliyoungua bado iko kazini. Leseni ya boksi inaruhusiwa kuhama, ila inakaa kwenye kompyuta moja kwa wakati mmoja. Wewe ambaye kompyuta yako ya zamani bado inawaka, kabla hujaifungua hata skrubu moja, iondolee ufunguo kwa slmgr /upk. Yangu ilikuwa haiwaki tena.

Kilichoniokoa ni kwamba ile ya zamani nilikuwa nikiifungua kwa akaunti yangu ya Microsoft miaka yote, kwa hiyo leseni ilikuwa imeshafungwa kwenye akaunti. Hili lilianza na toleo la Windows 10 la Agosti 2016. Ukitaka kujua kwako kukoje, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya uthibitisho wa leseni. Kama panasema leseni imeunganishwa na akaunti, lala salama. Kama hapasemi, unganisha leo, usisubiri umeme urudi kwa kishindo.

Ukurasa huo huo una kitufe cha kutatua tatizo. Nikakibonyeza, nikachagua kwamba nimebadilisha vifaa vya kompyuta karibuni, nikaingia na akaunti. Ikaja orodha ya kompyuta zangu zote za maisha, nne, na tatu kati yake zinaitwa DESKTOP halafu herufi saba za fujo. Ipi ni marehemu? Sikuwahi kuipa jina. Nani anaipa kompyuta jina?

Hapa najisifu kidogo. Kompyuta ndogo ya kaunta ilikuwa ikichapa kupitia printa iliyounganishwa na ile kubwa. Nikafungua sifa za printa pale kaunta, na njia yake bado imeandikwa: mistari miwili ya mshazari, DESKTOP, kistari, herufi zinazoishia na QM4, kisha jina la printa. Kaunta ilikuwa bado inamtafuta marehemu. Nikarudi kwenye orodha, nikachagua ya QM4, nikaweka alama kwamba hiki ndicho kifaa ninachotumia sasa, nikabonyeza. Maandishi ya pale chini kulia yakaondoka.

Kuhusu yule fundi, nimtendee haki: leseni inayozikwa na mazabodi ipo. Laptop ya mke wangu, ukiandika slmgr /dli, inaonyesha OEM_DM, yaani ufunguo umechomwa kiwandani ndani ya mazabodi yenyewe na hautoki. Yangu ilikuwa RETAIL, ya dukani. Angeuliza tu kama nina boksi! Hakuuliza hata mmoja kati ya wote wanne.

Mazabodi mpya ina TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, kwa hiyo baada ya wiki nikapanda Windows 11 bure, kabla Windows 10 haijaachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Leseni ikafuata yenyewe. Gharama nzima ya kuihamisha ilikuwa bando la intaneti na soda ya kijana wa dukani.

Jambo la mwisho nililofanya ni kuipa kompyuta mpya jina lile lile la marehemu, QM4 na yote, nikaishea printa kama zamani. Kaunta ikaendelea kuchapa bila kuguswa. Sasa kwenye akaunti yangu kuna mbili zenye jina moja.