Kutapika damu mwaloni: kichocho kinapofika kwenye umio

Mtu wa mwaloni (ufukweni wanakofikia wavuvi) akitapika mabonge ya damu ghafla, kisha akapata choo cheusi kinachonata kama lami, watu husema ni vidonda vya tumbo, au kalogwa. Kandokando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo kiwe miongoni mwa mambo ya kwanza kufikiriwa. Hiki si kile cha kukojoa damu, kilichozoeleka zaidi kwenye malambo na majaruba ya mpunga huko Usukumani mbali na ziwa. Cha ziwani kwa kawaida hakionekani kwenye mkojo, ndiyo maana mvuvi anaweza kukaa nacho miaka 15 akijiona mzima.

Minyoo yake huishi ndani ya mishipa ya damu ya utumbo. Mayai mengine hutoka na kinyesi, mengine husombwa na damu hadi kwenye ini na kukwama humo. Mwili hulizungushia kila yai kovu. Makovu yakijaa, njia ya damu ndani ya ini hubanwa, na damu ya kutoka utumboni na kwenye bandama hutafuta mchepuko. Bandama huvimba, mishipa ya sehemu ya chini ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) hutuna, na siku moja mmoja hupasuka.

Tofauti na ini lililoharibiwa na pombe au homa ya ini B, hapa chembe za ini lenyewe kwa kawaida bado ni nzima. Mgonjwa huyu huuawa na kumwaga damu, ini lake bado linafanya kazi. Damu ikidhibitiwa, ana miaka mingi ya kuishi na kuvua. Kwa hiyo anayemwona na kusema "ini limekwisha, mrudisheni nyumbani" anakosea vibaya. Hata hivyo apimwe homa ya ini B, maana mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Kwenye kituo cha afya: mlaze kwa ubavu asipaliwe na damu, weka kanula (mirija ya mshipani) mbili nene, anza maji ya mshipa, chukua damu ya kupima kundi, na mpe antibayotiki ya seftriaksoni gramu 1 kwa siku, kwa sababu maambukizi huongeza hatari ya kutoka damu tena. Oktreotaidi, dawa ya kupunguza damu inayofika kwenye mishipa hiyo, ikiwepo, mpe mikrogramu 50 kwa mkupuo, halafu 50 kwa saa. Kosa la kawaida ni kumwongezea damu kupita kiasi. Lengo ni hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya gramu 7 hadi 8 kwa desilita. Ukimjaza zaidi, shinikizo kwenye mishipa hupanda na pale palipoziba hufumuka. Kosa jingine ni kusubiri asubuhi ndipo rufaa iandikwe. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mgonjwa wa Sengerema anayepelekwa Mwanza hasubiri tena kivuko cha pale. Wa kisiwani Ukerewe bado yuko kwenye hesabu za chombo cha majini, hivyo kwake simu ya rufaa ipigwe mapema zaidi.

Kwenye hospitali ya rufaa, kipimo cha kamera ya kupitishwa mdomoni kifanyike ndani ya saa 12 tangu afike, hali ikishatulia. Mishipa iliyotuna hufungwa kwa vipete vya mpira, kuanzia umio unapokutana na tumbo kupanda juu kwa mzunguko. Baada ya siku 5 hadi 10 vipete hudondoka na kuacha kidonda, na hapo damu inaweza kutoka tena. Mgonjwa ale uji na vyakula laini, aache kabisa dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Ufungaji hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka mishipa iishe. Wengi hufungwa mara moja, hujisikia vizuri na hawarudi. Propranolo, kidonge cha kushusha shinikizo kwenye mishipa hiyo, huanza damu ikishakoma, wala si wakati inatoka, na asipewe mwenye pumu.

Upasuaji wa kuondoa bandama na kukata mishipa inayolisha sehemu ya chini ya umio ni kwa yule ambaye vipete vimeshindwa, au asiyeweza kurudi kliniki. Damu inaweza kuganda kwenye mshipa mkuu unaoingia ini, kwa hiyo apigwe altrasaundi baadaye. Chanjo ya nimokoka (bakteria wa nimonia) itolewe angalau siku 14 kabla ya upasuaji. Asiye na bandama akipata homa, hata ndogo, ni dharura ya siku hiyohiyo: apimwe malaria na aanze antibayotiki bila kungoja.

Prazikwanteli, dawa ya kichocho, haiondoi mishipa iliyokwisha kutuna. Huua minyoo ili mayai yasiongezeke. Dozi ni miligramu 40 kwa kila kilo, na kidonge kina 600: mtu wa kilo 60 anameza vinne, mtoto wa kilo 30 viwili, baada ya kula. Tumbo linaweza kusokota siku hiyo, hasa kwa mwenye minyoo mingi. Dawa haiui vizuri minyoo michanga, kwa hiyo anayeingia majini kila siku atahitaji kurudia.

Nasema hili kwa msisitizo: kugawa dawa shuleni peke yake hakutoshi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri jamii yenye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi wapewe wote, kuanzia miaka 2. Wavuvi na kina mama wanaoosha vyombo na dagaa ufukweni ndio wanaoshinda wakigusa maji ya ziwa. Na wanapatikana, ukijua lini. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haziwavuti dagaa, mitumbwi hupumzika, na wavuvi wako nchi kavu wakishona nyavu. Siku hizo ndizo za kupeleka vidonge mwaloni, pamoja na sufuria la uji.