Kabla ya kuniletea data, niambie ulipimia wapi

Kazi yangu ni kuchambua data za wanafunzi wa uzamili na uzamifu. Chumba changu kiko Ngara, juu ya duka la nguo, na eneo hili limenifaa. Wa fizikia na kemia hushuka tu kutoka Chiromo, kampasi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wauguzi na madaktari huja kutoka upande wa Hospitali ya Kenyatta. Wa biashara huteremka kutoka kampasi ya Lower Kabete, wengi wao wakiwa bado na tai shingoni kwa sababu husoma jioni baada ya kazi. Wote huniita mwalimu. Nilifundisha hesabu shule ya upili kabla ya kuhamia jijini, na jina hilo limekataa kunitoka.

Siandikii mtu tasnifu. Nasema mapema kwa sababu simu za namna hiyo hazikosi, na jiji hili lina watu wengi wanaojilipia kodi ya nyumba kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha. Kwangu unaleta data, tunaangalia pamoja inasema nini, halafu unakwenda kuandika mwenyewe.

Ukikaa katikati ya makundi haya matatu unaona jambo ambalo aliye ndani ya kundi moja halioni upesi. Wote wanakuja na jedwali la Excel. Wote wanataka p, yaani uwezekano wa bahati tupu kuleta matokeo kama yao, iwe chini ya 0.05. Lakini waulize nambari hizi zilipatikanaje: mmoja atakueleza saa nzima, wa pili dakika tano, wa tatu atakukodolea macho.

Wa saa nzima ni kijana mmoja wa fizikia. Alikuwa akipima vumbi la hewani, lile jembamba linaloitwa PM2.5, chembe zisizozidi maikromita 2.5 kwa upana, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikaza kamba hapo: wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, ilhali mwongozo wa 2005 uliruhusu 10. Kijana alikuwa na vihisi vya bei nafuu, vile vinavyomulika hewa na kupima mwanga unaotawanywa na chembe. Nilidhani atavifunga barabarani siku ya kwanza. Wapi! Alianza kwa kuviweka bega kwa bega na mashine kubwa ya kuaminika, akaviacha hapo, akawa anapima kipimo chenyewe kabla ya kupima hewa.

"Mwalimu, Julai huku kuna ukungu asubuhi," akaniambia. "Chembe zinanyonya unyevu, zinavimba, zinatawanya mwanga zaidi. Kihisi kitaapa kwamba moshi umezidi, kumbe ni maji."

Jedwali lake lilikuwa na safu nzima ya unyevu wa hewa kando ya kila kipimo cha vumbi. Tuliposahihisha kwa kutumia safu hiyo, kilele cha asubuhi kilishuka. Hakikuisha, maana matatu zipo kweli na hazitumii maji. Lakini sasa alijua sehemu gani ni ya barabara na sehemu gani ni ya hali ya hewa.

Huyo huyo ndiye aliyenikumbusha habari ya maji ya kuchemka. Vitabu vya shule vinasema nyuzi 100, na kwa mtu wa Mombasa ni sawa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji huku huchemka karibu na nyuzi 94. Ukitumbukiza kipimajoto kwenye sufuria inayotokota hapa Nairobi, ukaweka alama na kuandika 100, umeharibu kila kipimo kitakachofuata. Aliyehamia huku kutoka Pwani na kupika maharagwe bila sufuria ya presha anaijua fizikia hii kwa gharama ya makaa.

Nilikuwa na mwinuko huo kichwani alipoingia sista mmoja na data za upungufu wa damu kwa wajawazito. Alilinganisha kliniki ya Nairobi na kliniki ya Pwani, na jedwali lake lilionyesha kwamba akina mama wa Nairobi wana damu nzuri kuliko wenzao. Alikwisha hata kuandika aya kuhusu lishe ya mjini.

"Sista, umetoa mwinuko?"

"Mwinuko gani tena? Mimi nimepima damu."

Mwinuko huu huu. Hewa ikiwa nyembamba, mwili hujitengenezea himoglobini zaidi ili ubebe oksijeni ya kutosha. Kiwango alichotumia kwa wajawazito wake, gramu 11 kwa kila desilita ya damu, kimewekwa kwa mtu wa usawa wa bahari. Anayeishi juu anapaswa kupunguziwa kiasi fulani kabla ya kulinganishwa na kiwango hicho, na Shirika la Afya Duniani limechapisha jedwali la kupunguza kulingana na mita. Usipopunguza, mama wa Nairobi mwenye upungufu anahesabiwa mzima. Baada ya kupunguza, pengo kati ya kliniki zake mbili lilisinyaa, na ile aya ya lishe ikaondoka bila mimi kusema neno.

Yeye na kijana wa Chiromo hawajuani. Wanasomea chuo kimoja, lakini kila mmoja ana milima yake.

Halafu presha. Hii nitaikalia kidogo kwa sababu ndiyo data ninayoletewa zaidi, na ndiyo inayonichekesha zaidi. Daktari mmoja mwanafunzi aliniletea vipimo vya mamia ya wagonjwa. Kabla ya kupiga hesabu yoyote huwa naangalia tarakimu ya mwisho. Mashine za zamani za zebaki zina alama kila baada ya milimita 2, kwa hiyo vipimo vinavyotoka humo vinapaswa kuishia kwa 0, 2, 4, 6 au 8, na ikiwa aliyesoma alikuwa makini, kila tarakimu itapata takriban moja ya tano. Katika jedwali la daktari karibu kila kitu kiliishia kwa 0. 120, 130, 140, 150. Mioyo ya wakazi wa Nairobi inapiga kwa makumi!

Daktari alijitetea kwamba tofauti ya milimita mbili haimuui mtu. Kweli, haimuui. Ila mstari wa kusema huyu ana presha na huyu hana alikuwa ameuchora 140 kwa 90, yaani kwenye nambari nzima, mahali pale pale ambapo mkono wa mpimaji unapenda kutua. Mwenye 138 akiandikwa 140 amekuwa mgonjwa kwenye tasnifu. Mwenye 142 akiandikwa 140 hajabadilika kitu. Makosa hayo hayafutani, yanaelekea upande mmoja, na asilimia yote ya wagonjwa inasogea nayo.

Nilimuuliza na mengine. Mgonjwa alikaa dakika tano kabla ya kupimwa, au alitoka ngazini akahema? Alikuwa akiongea? Mwenye mkono mnene alifungwa mkanda mpana au ule ule wa kila mtu, ambao ukiwa mdogo hupandisha presha bure? Alijibu mawili, la tatu akaandika kwenye karatasi na kurudi nalo wodini. Nampenda mtu wa namna hiyo.

Kuna nambari moja inayonifuata kila mahali: 384. Ukisoma tasnifu za afya za hapa kwetu utadhani ni nambari ya bahati. Inatoka kwenye fomula ya sampuli: 1.96 mara yenyewe, mara 0.5, mara 0.5, gawa kwa 0.05 mara yenyewe, unapata 384 na kidogo. Ni hesabu nzuri ikiwa unakadiria kiwango kimoja katika umma mkubwa na hujui hata kidogo kiko wapi. Ikiwa unalinganisha makundi mawili, si fomula yako. Na ikiwa hao 384 wote ni watu waliofika kliniki siku ya Jumanne, basi umepata watu wa Jumanne kwa usahihi mkubwa. Wa biashara nao wana yao: wafanyakazi 400, kosa la 0.05, fomula inatoa 200 barabara, na hakuna anayeuliza hao 200 walichaguliwaje.

Vibali nitavipita haraka. Leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa ruhusa ya utafiti, mnaijua, na wa afya huongeza kamati ya maadili. Mimi ninachoomba ni kimoja: futa majina na nambari za vitambulisho kabla ya kunikabidhi flashi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikutungwa kwa ajili ya benki peke yake.

Sasa yule anayenikodolea macho. Ni jamaa mpole wa usimamizi wa biashara, anayechunguza mtindo wa uongozi na utendaji katika sacco moja hapa mjini. Alikuwa na hojaji ya kurasa nne, kila sentensi na visanduku vitano, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Mtindo huo ni wa Rensis Likert, aliyeuchapisha mwaka 1932, na hauna ubaya wowote. Nikamuuliza nani alizikusanya karatasi.

"Karani wa meneja. Alinisaidia sana."

"Na swali la kumi linauliza kama meneja anasikiliza maoni?"

"Ndiyo, na wamekubali sana. Mwalimu, alfa yangu ni 0.93!"

Alfa hiyo ni ya Lee Cronbach, ya mwaka 1951, na kila mwanafunzi wa biashara anajua kwamba ikivuka 0.7 anaweza kulala. Inapima kama maswali yanaelekea upande mmoja, basi. Haijui kama ni upande wa kweli. Hebu fikiria ofisi ambako watu wanaogopa kwa viwango tofauti: mwoga sana anatia 5 kila mahali, mwoga kiasi anatia 4, na yule ambaye ameshapata kazi kwingine anatia 2. Majibu yao yatapatana vizuri mno na alfa itapaa. Umepima woga, na umeupima kwa uthabiti. Tena ni mtu yule yule, kwa kalamu ile ile, aliyejaza sehemu ya uongozi na sehemu ya utendaji kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo uhusiano kati ya sehemu hizo mbili unaweza kutokea hata kama ofisini haupo.

Karani wa meneja ndiye mwinuko wa jamaa huyu. Tofauti ni kwamba hakuna aliyemchapishia jedwali la kupunguza.

Msinielewe vibaya, siwadharau watu wa biashara. Mmoja wao, mama anayesimamia kliniki ya kibinafsi, ndiye aliyeniletea kazi safi kuliko zote nilizoshika mwaka uliopita. Hakuuliza mtu anajisikiaje. Aliweka daftari mlangoni na saa ukutani, akaandika kila anayeingia na kila anayetoka. Kuna kanuni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya watu waliomo kwenye foleni, kwa wastani, ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Wakiingia 12 kwa saa na kila mmoja akikaa saa mbili, basi jiandae kuwa na watu 24 kwenye mabenchi. Kanuni haijali kama wanaosubiri ni wagonjwa, magari au chembe, na kijana wa fizikia angeitambua mara moja. Mama yule aligundua kwamba kukosa viti hakukuwa shida yake. Shida ilikuwa kwamba kila mgonjwa alipewa miadi ya saa mbili asubuhi.

Nilimsimulia jamaa wa sacco habari zake. Akanyamaza, kisha akasema, "Sisi tuna tarehe. Kila ombi la mkopo lina mhuri siku linapopokelewa na siku pesa zinapotoka." Hapo ndipo nilipokaa wima. Matawi tofauti, mameneja tofauti, na siku zilizohesabiwa na mhuri usiojua kuogopa. Aliomba ruhusa ya kutumia tarehe tu, bila majina ya wanachama, na akaipata kwa urahisi kuliko nilivyotarajia.

Tulichora grafu, na tofauti kati ya matawi ilionekana kabla ya kupiga hesabu yoyote. Akaipeleka kwa msimamizi wake akiwa na furaha. Akarudi uso umemshuka. Msimamizi ameuliza hojaji iko wapi, alfa iko wapi, na utafiti wa biashara unawezaje kuwa hauna hata mtu mmoja aliyekubali au kukataa jambo. Tukaongeza hojaji fupi ya maswali manane, karatasi zikatiwa kwenye sanduku lenye kufuli bila kupitia kwa karani. Alfa safari hii ilikuwa 0.74. Msimamizi alisaini, na jamaa anatetea mwezi ujao.