Saa Mbili za Mwanga Ponta do Sol

Ndege ilizunguka juu ya Madeira, kisiwa cha Ureno katika bahari ya Atlantiki, mara mbili kabla ya kupewa nafasi ya kutua. Upepo wa pale hushuka kutoka milimani ukaipiga njia ya ndege ubavuni, na rubani haruhusiwi kutua bila mafunzo maalumu. Dada aliyeketi jirani yangu alinishika mkono bila kuuliza, nami nikamshika wake. Kisha nikaziona nguzo. Njia ile ilikuwa fupi hadi ilipoongezwa mwaka 2000 ikafika mita 2,781, na nyongeza imebebwa na nguzo za zege zipatazo 180 kando ya bahari, magari yakipita chini yake. Magurudumu yalipogusa, abiria walipiga makofi.

Ilikuwa Januari 2024, nami nilikuwa natoka Hamburg. Kazi yangu ni kukagua na kutafsiri maandishi ya programu za simu, na tangu wakati wa korona bosi wangu hajali nimekaa wapi mradi kazi ifike. Kwa miaka sita nimejaribu kulizoea giza la kule. Mwezi wa Desemba jua la Hamburg linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni, na mimi nipo mezani tangu saa tatu hadi saa kumi na moja. Maana yake mchana wote unaliwa na kazi. Kwa mtu aliyekulia Tanga, aliyezoea kutoka shule na bado akapata muda wa kuoga baharini Raskazone kabla ya adhana ya magharibi, giza lile si jambo dogo. Mwaka wa tano nilianza kulia bila sababu nikiwa jikoni. Daktari aliniandikia vitamini D akaniambia, kama naweza, niende kwenye jua.

Kibali changu cha kuishi Ujerumani kinaniruhusu kukaa nchi nyingine za Ulaya zilizo katika eneo la Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180. Nikaomba wiki tano.

Ponta do Sol ni mji mdogo upande wa kusini wa kisiwa, magharibi ya Funchal, na basi linakufikisha baada ya mahandaki ambayo nilichoka kuyahesabu. Jina lake ni Rasi ya Jua. Kanisa lao ni la Mama Yetu wa Nuru. Nyumba zimebanana kwenye bonde jembamba kati ya majabali mawili, na juu yake kuna ngazi baada ya ngazi za mashamba ya migomba. Hilo la migomba sikulitarajia. Nilishuka kwenye basi nikanusa majani mabichi ya mgomba na chumvi ya bahari kwa pamoja, nikasimama na begi langu nikashindwa kuendelea kutembea kwa muda. Pwani yenyewe haifanani na ya kwetu. Hakuna mchanga mweupe, ni kokoto za kijivu zinazogongana kila wimbi linaporudi, na sauti yake nilikuja kuipenda kuliko nilivyodhani.

Watu wa kazi za mtandaoni walianza kumiminika hapa Februari 2021, serikali ya kisiwa na taasisi ya Startup Madeira zilipofungua kijiji kwa ajili yao. Waliwapa ukumbi wa bure katika kituo cha utamaduni chenye jina la John Dos Passos, mwandishi wa Marekani ambaye babu yake alizaliwa Ponta do Sol. Meza, viti na intaneti ya kasi, hayo tu. Niliingia asubuhi ya kwanza nikakuta Mpoland, Wajerumani wawili, Mbrazili, na kijana wa Kanada aliyewahi kukaa Barbados. Kisiwa hicho cha Karibi kilianza mwaka 2020 kutoa kibali cha miezi 12 kwa wenye kazi za mbali, kwa ada ya dola 2,000.

Kila niliyemuuliza kwa nini yuko pale alianza kwa neno jua. Ila ukiendelea kukaa naye, siku ya tatu au ya nne, unasikia jingine. Mpoland alikuwa ametoka kuachana na mumewe na hakutaka kula peke yake. Kijana wa Kanada alihesabu kwamba kodi ya chumba Toronto ingemla nusu ya mshahara. Wajerumani wawili walisema kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakigundua kwa mwili kabla ya kukielewa kwa akili: saa.

Madeira iko nyuma ya Ujerumani kwa saa moja. Kwa hiyo kazi yangu ya kuanzia saa tatu ilianza saa mbili, jua likiwa ndiyo kwanza linapanda, na ikaisha saa kumi. Jua lilizama saa kumi na mbili na nusu. Zilibaki saa mbili na nusu za mwanga, zangu peke yangu, kila siku ya Mungu! Sikuwa tajiri zaidi, kazi ilikuwa ileile, bosi yuleyule. Nilichopata ni jioni. Nilishuka pwani, nikakaa juu ya kokoto, na wiki ya pili nikajitosa majini ingawa bahari ya Januari kule ina baridi inayokata pumzi. Nilipompigia mama simu Tanga kule kulikuwa usiku tayari, saa tatu mbele yangu. Nilimwamkia, akanisikiliza nikieleza, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hao wote wamekwenda huko ili wapate kupunga upepo jioni?" Nikamjibu ndiyo mama, ndiyo hasa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi walikuwa na shida kweli."

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mwenye nyumba juu ya bonde. Katika ujana wake alikuwa ameishi Afrika Kusini na mumewe wakiuza mboga, kama Wamadeira wengi waliotoka kisiwani kutafuta maisha, wengine Venezuela, wengine Johannesburg. Kiingereza chetu kilikutana katikati. Jioni ya kwanza alileta shuka, akaweka mto juu ya kitanda, akanyoosha mkono akasema nimpe fronha. Nikampa foronya bila kufikiri. Tukatazamana. Kuanzia hapo kila siku alinifundisha neno nami nikamrudishia la kwetu: mesa na meza, bandeira na bendera, ananás na nanasi, lenço na leso. Nilimweleza kwamba Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, kwamba ngome yao ya 1593 bado imesimama Mombasa, na kwamba neno lao la kanisa, igreja, kwetu limekuwa gereza. Hakucheka. Alisema, "Kwa hiyo hamkupenda," nikamwambia hapana. Naye akanionyesha mashamba yaliyo juu yetu, akasema ngazi zile zilijengwa kwa mikono, na enzi za miwa waliochapa kazi hapa ni pamoja na watumwa kutoka Afrika. Tukakaa kimya, tukala ndizi ndogo tamu mfano wa kisukari.

Ni yeye aliyenionyesha mfereji. Kisiwa kizima kimezungukwa na mifereji iitwayo levada, inayoleta maji ya mvua ya kaskazini hadi upande huu mkavu wa jua. Siku ya zamu yake alinipeleka tukasimame kando ya kijilango cha bati. Mwenye kugawa maji alifika na saa yake mkononi. Akainua bati, maji yakaingia kwa mshindo kwenye mtaro wa migomba yake, yakibeba majani makavu, na mama akavua viatu akaanza kuyaelekeza kwa jembe, upande huu, upande ule, haraka. Muda wake ulipoisha bati likateremshwa, maji yakaenda kwa jirani. Kila mtu kwa saa zake.

Tulipokuwa tunarudi alianza kuzungumza habari za binti yake. Ana miaka thelathini na kitu, ni mhudumu wa hoteli, ana mtoto mmoja, naye anaishi mbali ng'ambo ya milima kwa sababu hapa chini nyumba zimempita uwezo. Ureno ina viza ya wafanyakazi wa mbali tangu Oktoba 2022, na sharti lake ni kipato cha mara nne ya mshahara wa chini. Mwaka ule mshahara wa chini wa nchi ulikuwa yuro 820 kwa mwezi, kwa hiyo mgeni alilazimika kuwa na 3,280. Nilizifikiria hizo namba usiku kucha. Mpangaji mmoja mwenye viza ile anaweza kubeba kodi ambayo binti hawezi kuigusa, na mwenye nyumba, ambaye pensheni yake ni ndogo, nani atamlaumu? Hata mimi, mswahili wa Tanga niliyekuja kutibu huzuni, nilikuwa nimelala katika chumba alichokulia yule binti. Alama za penseli za urefu wake zilikuwa bado kwenye fremu ya mlango.

Sikuacha kushuka pwani. Siwezi kusema nilijuta, kwa sababu wiki zile zilinirudishia usingizi. Lakini niliacha kuomba punguzo la kodi, na wiki ya mwisho niliwaambia wenzangu ukumbini kuhusu binti. Wawili walisema hawakuwahi kufikiria.

Novemba iliyofuata, giza lilipoanza tena, nilimwandikia mama mwenye nyumba kumwomba chumba kwa Januari. Alinijibu siku hiyohiyo. Binti amerudi nyumbani na mtoto wake, chumba si cha kupangisha tena. Chini ya ujumbe aliweka picha ya fremu ya mlango, alama za zamani za penseli, na kando yake moja mpya, chini sana, karibu na sakafu.