Siku moja maishani mwangu: mimi na pikapu za NAPCO

Mama akiulizwa kule Eldoret kijana wake anafanya nini Marekani, hujibu kwamba natafuta magari. "Yamepotea?" majirani humuuliza. Mwaka wa sita huu, na bado sijampa jibu la kuwapelekea.

Saa kumi na moja alfajiri, Brooklyn Park, Minnesota. Ni Novemba na kioo cha gari kimeganda barafu. Nakwangua. Nabeba chupa ya chai, chapati mbili za jana, tochi, brashi ya waya na turubai la kulalia chini ya gari. Karakana ninayofanyia kazi hufufua pikapu za miaka ya 1950. Mteja akitaka kununua moja, mimi ndiye ninayetumwa kuhakikisha kwamba ni yenyewe.

Niwaeleze kwa ufupi. Pikapu inayosukuma kwa magurudumu yote manne haikuwa kitu cha kawaida zamani. Dodge walileta Power Wagon mwaka 1946, lakini Ford hawakuunda pikapu yao ya fowili hadi 1959, na Chevrolet hadi 1960. Kabla ya hapo kazi ilifanywa na wabadilishaji. Ford zilishughulikiwa na Marmon-Herrington wa Indianapolis tangu 1935. Chevrolet na GMC nyingi zilifungwa vyuma vya NAPCO, kampuni ya hapa hapa Minneapolis: ekseli ya mbele, propela, na giaboksi ya pili ambayo mafundi tunaiita transfa. Kuanzia 1957 Chevrolet wenyewe walikuwa wakivifunga kiwandani, ila nyingi zilifungwa na wauzaji wa magari, au na fundi wa kijijini, baada ya gari kutoka kiwandani. Sasa namba ya chasi itajuaje?

Hilo ndilo mteja wa leo hataki kulisikia. Yuko Arizona. Ananipigia nikipita St. Cloud, ananipigia tena nikiwa Alexandria karibu na lile sanamu kubwa la Viking, na kila mara swali ni lile lile: karatasi ya kiwanda iko wapi? Namwambia, bwana, hii namba inayoanza na 3A57 inatuambia ni pikapu ndogo ya 1957, na herufi J inayofuata inatuambia ilitoka Janesville, Wisconsin. Basi. Mengine yako chini ya gari, kwenye matope. Anasema amesoma kwenye intaneti. Sawa.

Saa tatu na nusu nafika shambani, ng'ambo ya Fergus Falls, karibu kilomita mia tatu kutoka nyumbani. Mzee mwenye gari ana miaka themanini na ushei. Mimi nataka ghala, yeye anataka kahawa. Nilikolelewa mtu hakatai kikombe cha mzee, kwa hiyo nakaa. Ananihadithia baba yake alivyoinunua, theluji waliyopita nayo, ng'ombe waliowabeba, jirani aliyekwama wakamvuta. Kikombe cha pili. Pai. Picha za harusi ya dada yake, ambamo pikapu inaonekana nusu tu, nyuma ya bibi harusi. Naiomba ile picha niikuze kwa simu; tairi la mbele limefunikwa na gauni. Kikombe cha tatu. Simu inatetemeka mfukoni: Arizona. Saa tano kasoro ndipo anatafuta funguo. Siyo hizi. Siyo hizi pia.

Mlango unafunguka na sihitaji hata kulala chini. Kupitia matundu ya rimu ya mbele naona diski ya breki, inang'aa. Pikapu za 1957 zilikuwa na breki za ngoma.

Nalala hata hivyo, maana nalipwa kulala. Saruji ni baridi kama jeneza. Napiga brashi. Transfa ndiyo yenyewe: imekaa peke yake katikati ya chasi, mbali na giaboksi kubwa, zikiunganishwa na propela fupi. Ni Spicer, ndiyo waliyotumia NAPCO. Lakini ekseli ya mbele ni ya gari la miaka ya sabini. Ile ya kwanza ingekuwa na mpira mkubwa wa chuma uliofunika viungo vya kila gurudumu, na difu yenye gia sawa na za nyuma. Nembo ya fowili mlangoni? Mpya. Zinauzwa.

"Mzee, ekseli ya zamani iko wapi?"

Anafikiri. Halafu ananionyesha kishamba cha miti nyuma ya nyumba, mahali wakulima wa huku hutupa vyuma vibovu. "Ilikuwa pale. Kaka yangu aliiuza kwa kilo, pamoja na mashine ya kuvunia."

Hakudanganya. Kwake yeye gari ni lile lile la baba yake.

Kurudi sikumbuki vizuri. Upepo, malori, chapati baridi, mgongo. Mahali fulani nilisimama nikasinzia. Giza lilishaingia nilipofika, mke wangu akasema, "Baba Neema, vua nje hizo nguo." Nikaandika ripoti, mistari sita na picha kumi na nne: transfa halisi, ekseli siyo, bei ipunguzwe au liachwe.

Nikiwa kitandani ukaingia ujumbe kutoka Arizona. Analipenda gari. Je, nisingeweza kuandika tu kwamba ni NAPCO kamili, kwa ajili ya bima?

Nikaandika, "Hapana." Nikaweka simu chini ya mto.