Nipe Mlima Huu

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Juma hili neno langu mwenyewe limeninyima usingizi. Bibi mmoja wa jumuiya yetu alinijia mimi niliyekabidhiwa kwaya, akaomba nafasi ya kuimba wimbo alioanza kuutunga akiwa msichana, kabla ndoa, watoto na jembe havijammalizia siku zake. Nilimjibu kwa upole, “Bibi, wewe pumzika, utuombee tu.” Akasema, “Haya, mwanangu,” akaondoka na daftari lake.

Usiku huo nilisoma Yoshua 14. Kalebu, mmoja wa wapelelezi waliotumwa na Musa, ana miaka 85, na ahadi aliyopewa akiwa na miaka 40 bado haijatimia. Lakini haombi mahali pa kupumzika, bali anasema, “Basi sasa unipe mlima huu,” mlima wenye Waanaki, wale watu majitu, na miji yenye maboma. Yoshua hakumwambia akae chini. Alimbariki, akampa Hebroni.

Nikamkumbuka Mzee Kimani Maruge wa kule Eldoret, Kenya, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, amevaa kaptura na soksi ndefu kama watoto aliokaa nao, kwa kuwa alitamani kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Hata machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007 yalipomfikisha kambini, aliendelea kwenda darasani. Alibatizwa mwaka 2009, na mwaka huohuo Bwana akamwita.

Ndugu zangu, tumekosa, nami ni wa kwanza. Tumewaachia wazee wetu wajukuu wa kulea na maombi ya kufunga ibada, tukadhani hiyo ndiyo heshima. Tunawaombea afya kila Jumapili, lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumuuliza mama yake alitamani kuwa nani? Zaburi ya 92 inasema watazaa matunda hata wakati wa uzee, nasi tunausimamia mti wenye utomvu tukiuambia usizae. Nanyi wazazi wetu, msikubali kunyamazishwa na sisi tuliozaliwa jana. Ombeni mlima wenu kwa sauti.

Jana nilikwenda kwa yule bibi kuomba radhi. Alinisamehe kabla sijamaliza kusema, akanifungulia daftari. Jumapili ijayo, Mungu akipenda, ataimba kabla ya mahubiri. Ubeti wa nne bado anauandika.